Gata na mabomba ya plastiki kupauka juani: sababu, kusafisha, kupaka rangi, na lini ung'oe

Bububu_Nyumbani
Asalaam alaykum wana jukwaa. Nahitaji msaada wa wenye kuzijua kazi hizi. Nyumba ya bati, ipo Bububu, gata (mifereji ya kukingia maji ya paa) za plastiki za kahawia iliyokoza. Upande wa magharibi na kaskazini zimepauka zikawa kijivu kama zimemwagiwa majivu, upande wa kusini bado zina rangi yake. Mabomba ya kuteremshia maji ni meupe ya inchi 3, na hayo yamegeuka manjano. Mmoja kanambia nipake mafuta ya kula, mwengine rangi ya mafuta, wa tatu kasema ng'oa yote. Je, iliyoharibika ni rangi tu au plastiki yenyewe? Na kama ni kupaka, nipake nini na kwa utaratibu gani?

Fundi_Kengeja
Waalaykum salaam ndugu yangu. Usinunue kitu mpaka ujue gata yako imepauka kwa aina gani, kwa sababu "kupauka" ni mambo manne au matano tofauti na kila moja lina dawa yake.

Chukua kitambaa cheusi, kilowe kidogo, upanguse mahali pamoja mara tatu kwa nguvu. Kikitoka na unga mweupe na pale ulipopangusa pakarudi kahawia, basi plastiki inatoa unga: tabaka la juu limeliwa na jua. Kikitoka na utelezi wa kijani au mweusi, hiyo ni kuvu na ukungu wa maji, plastiki haina neno. Kikitoka chekundu cha kutu, tizama misumari na ncha za bati zilizokatwa. Na kama hakitoki na kitu lakini rangi imebadilika, kama hayo mabomba yako ya manjano, mabadiliko yapo ndani ya plastiki yenyewe na sabuni haitayaondoa.

Halafu fungua kishikio kimoja uinue gata kidogo. Pale chini ya kishikio utakuta ukanda wenye upana wa kishikio chenyewe, kahawia safi kama siku ilipotoka dukani, na mpaka wake umenyooka kama uliokatwa kwa wembe. Pembeni mwa huo ukanda ndipo pa kupitisha ukucha. Ukihisi ngazi, yaani upande wa jua umeshuka, tabaka limeshapungua. Ukiona na nyufa nyembamba kama wavu wa dagaa, hapo mazungumzo ni mengine, tutayafikia.

Bububu_Nyumbani
Ahsante fundi. Nimepangusa: unga mweupe mwingi, na chini kahawia imerudi. Ukucha hausikii ngazi. Nyufa sijaziona.

Mwl_Kemia_Wete
Hiyo ni habari njema, na naomba nieleze kwa nini, kwa sababu ukiijua sababu utajua mwenyewe ushauri gani uukatae.

Gata hizi ni PVC ngumu, aina ya plastiki inayotumika pia kwa mabomba. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu, kiasi cha asilimia 57, ni klorini. Miale ya urujuanimno ya jua ikipiga juu yake, huvunja viungo vinavyozishika klorini na hidrojeni, zikatoka pamoja kama hidrojeni kloridi. Molekuli zilizobaki hupata mfululizo wa viungo viwili-viwili, na mfululizo huo ndio unaoonekana manjano, ukirefuka unakuwa kahawia. Baadaye oksijeni ya hewa huingia na kuikata minyororo. Plastiki ya juu kabisa hugeuka vumbi, mvua huiosha, na kinachobaki juu ni vile vijazio vilivyochanganywa kiwandani: kaboneti ya kalisi, yaani chokaa laini, na dioksidi ya titani, ambayo ndiyo rangi nyeupe. Huo ndio unga wenu. Kwenye gata nyeupe hauonekani, kwa hivyo watu hudhani nyeupe haipauki. Kwenye kahawia unaonekana kama majivu.

Sasa kwa nini mabomba meupe yamekuwa manjano? Dioksidi ya titani ndiyo mwavuli wa plastiki nyeupe, inakinga miale isiingie ndani. Lakini ni ghali. Mabomba mengi meupe yanayouzwa kwa kazi za maji ndani ya nyumba yamewekewa kidogo tu, kwa sababu yalikusudiwa kukaa ukutani au chini ya zege. Yakitolewa nje yanageuka manjano. Yale ya kijivu ya maji ya kawaida nayo hupauka, tena kwa madoa.

Jambo la kukutuliza: uharibifu wa jua kwenye PVC ngumu hauzami. Unakaa juu, sehemu ndogo ya milimita, na ngozi iliyoharibika inaikinga plastiki iliyo chini. Nguvu ya kubeba maji inapungua kidogo sana. Kinachopungua kweli ni uwezo wa kuvumilia kishindo: ngazi ikiegemezwa, au nazi ikianguka, gata iliyokaa juani itapasuka mahali ambapo mpya ingebonyea ikarudi.

Jambiani_Pwani
Mwalimu, na kwa nini upande mmoja unapauka kuliko mwengine? Huku kwetu wanasema ni chumvi ya bahari.

Mwl_Kemia_Wete
Chumvi haiivunji PVC. Inakaa juu, inafanya weupe, na ukimwaga maji matamu inaondoka. Kinachopausha ni jua.

Unguja ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, Pemba nyuzi 5. Jua la adhuhuri hutupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Baina ya hapo, miezi saba, adhuhuri jua lipo upande wa kaskazini, na mwezi wa Juni hulala hadi nyuzi 29 kutoka utosini. Upande wa kusini hupata jua miezi mitano tu, na hata Disemba halilali zaidi ya nyuzi 17, kwa hivyo linapiga paa zaidi kuliko uso wa gata. Ndiyo maana kaskazini huchakaa mwanzo. Magharibi ni kwa sababu ya joto: jua la saa tisa linakuta gata imeshapata moto tangu asubuhi, na joto huharakisha kila hatua niliyoieleza hapo juu. Mashariki jua linakuta gata ina umande na ubaridi wa usiku.

Rangi iliyokoza inafyonza joto zaidi, hilo mnalijua kwa mkono tu: saa nane mchana gata ya kahawia inaunguza, nyeupe inashikika. Ila nyeusi ina faida nyengine. Masizi ya kaboni yanayotiwa kwenye plastiki nyeusi ni kinga nzuri sana ya miale ya jua, hivyo nyeusi nzuri huteseka kwa joto kuliko kwa mwanga. Nyekundu za bei ya chini mara nyingi hufifia haraka.

RangiMlandege
Nije kwenye ushauri aliopewa ndugu wa Bububu, kwa sababu mawili katika matatu ni ya kuharibu.

Mafuta ya kula: yanarudisha rangi siku ileile, kweli. Unga unaonekana mweupe kwa sababu ni mkavu. Ukiulowesha kwa chochote, hata maji, unapotea machoni. Wiki chache mafuta yanashika vumbi, yananata, kuvu inayala, na gata inakuwa nyeusi ya uchafu. Mafuta ya taa na dizeli ni vivyo hivyo, na ukiwa na tangi la mvua umeshayatia ndani ya maji.

Dawa za kung'arishia plastiki za gari, zile zenye silikoni: mng'ao unakaa miezi michache. Ubaya wake unakuja baadaye, maana silikoni ikishaingia kwenye ule unga, rangi yoyote utakayopaka inajikusanya kama matone na kuacha matundu. Kama una nia ya kupaka rangi hata mwakani, usiguse silikoni leo.

Mashine ya hewa ya moto, inayooneshwa kwenye video za bampa za gari: bampa si PVC. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzijoto 75 hadi 80 hivi, na ukizidisha inatoa ile hidrojeni kloridi aliyoitaja mwalimu, ambayo ikikutana na unyevu wa koo ni asidi. Isitumike kabisa.

Rangi ya mafuta: inashika mwanzo, lakini inakauka ikawa ngumu, na jua linazidi kuigandisha mwaka hadi mwaka. Gata inarefuka na kufupika kila siku, rangi ngumu haiwezi kuifuata. Inapasuka, inabanduka vipande. Rangi inayofaa ni ya maji, ya akriliki, ya nje. Kopo liandikwe akriliki na liandikwe nje. Emalshani ya ndani ya bei ndogo haifai, masika moja tu imekwenda.

Bububu_Nyumbani
Basi naomba hatua zote kuanzia kusafisha, RangiMlandege, na kiasi cha vifaa. Gata zote ni mita 24, mabomba manne ya mita 3.

RangiMlandege
Wakati kwanza. Juni hadi Septemba ndio msimu mzuri, mvua chache na joto dogo. Januari na Februari pia inafaa ila fanya kazi kwa kufuata kivuli. Masika usijaribu.

Kusafisha. Ondoa majani na matope ndani. Ngazi iegemee ukuta au ubao wa fesha (ule wa ukingoni mwa paa), isiegemee gata. Kama una tangi la mvua, chomoa bomba linaloingia tangini kabla hujamwaga tone la sabuni. Ndoo ya lita 10, sabuni ya unga vijiko viwili vya chakula, brashi laini ya kufulia. Sugua, suuza, pangusa tena kwa kile kitambaa cheusi. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, na kwa gata kama yako tegemea kurudia mara mbili au tatu. Watu wengi wanaishia hapa kwa pupa: wanaona rangi imerudi kwa sababu ya umaji, wanapaka juu ya unga. Rangi inashika unga, unga haujashika plastiki, na baada ya msimu inabanduka kama ngozi ya nyoka.

Penye kuvu tia Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) sehemu moja kwa maji sehemu nne, paka kwa brashi, acha dakika 10 hadi 15, suuza kwa maji mengi. Usiipulizie hovyo, ikitiririka kwenye bati inakula. Penye kutu tumia maji ya ndimu au asidi ya sitriki, siku nyengine na baada ya kusuuza Jik yote. Jik na ndimu, au Jik na siki, zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Brashi ya waya na steliwuli hapana, zinaacha chembe za chuma ambazo zinakuwa madoa ya kutu wiki inayofuata.

Acha ikauke siku nzima.

Msasa namba 220, kwa wepesi, mpaka ung'aavu wote uishe, huhitaji kuchimba. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa spiriti. Thina usitumie. Thina inailainisha PVC, na ile ya rangi za gari inaiacha na utando unaonata.

Praima (rangi ya msingi) ya kushikisha plastiki ukiipata, tabaka moja jembamba. Usipoipata, akriliki nzuri ya nje inashika yenyewe kwenye PVC iliyopigwa msasa, lakini ifanyie jaribio. Paka eneo la kiganja, acha siku mbili, chora mistari ya kukatana kwa wembe, bandika selotepu kwa nguvu, ing'oe kwa mpigo mmoja. Ikija na vipande vya rangi, rudi kwenye msasa. Ikija safi, endelea.

Kipimo. Gata ya nusu duara ya inchi 4 na nusu ina uso wa nje kiasi cha mita ya mraba 0.2 kwa kila mita ya urefu. Mita 24 ni kama mita za mraba 5. Bomba la inchi 3 ni kama 0.25 kwa mita, mita 12 ni mita za mraba 3. Jumla 8. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, mikono miwili ni lita moja na nusu, nunua lita 2 kwa kuwa brashi na upepo vinakula. Msasa karatasi sita, spiriti lita moja, brashi ya inchi 2, tepu ya karatasi ya kukingia ukuta na bati.

Kupaka: anza saa tatu asubuhi umande ukiisha, upande wenye kivuli. Weka kiganja kwenye gata. Kama huwezi kukiacha hapo, usipake. Rangi ikipakwa kwenye plastiki ya moto inakauka juu kabla haijashika chini. Mikono miwili myembamba, baina yake upite muda wa masaa manne. Mkono mmoja mnene haufai, utachuruzika na hautakauka vizuri.

Kwenye maungio acha. Usipake rangi ikavuka kutoka gata kwenda kwenye kiungio kama kitu kimoja. Gata ikisogea itachana. Rangi ikishika kidogo, pitisha wembe pembezoni mwa kiungio ukate mstari. Mipira ya kuzuia kuvuja iliyo ndani ya kiungio isiguswe na rangi.

Darajani_Vifaa
Naongeza kuhusu rangi ya kuchagua. Usipake rangi iliyokoza kuliko ya asili. Gata nyeupe ukiipaka nyeusi au kahawia inapata joto ambalo haikutengenezewa, inapinda baina ya vishikio na haitarudi. Kutoka kahawia kwenda krimu au kijivu hafifu ni sawa, ila jua mkono wa tatu utahitajika ili kahawia isionekane.

Jambiani_Pwani
Rangi ya kupulizia ya kopo, ile imeandikwa ni ya plastiki?

RangiMlandege
Kwa kona na vizibo inafaa. Kwa mita 24 na upepo wa kusi, nusu ya kopo itaishia kwenye bati la jirani. Na huko pwani ya mashariki, gata isuuzwe kwa maji matamu asubuhi ileile ya kupaka. Chumvi ya usiku mmoja inatosha kuzuia rangi isishike.

Binti_Konde
Naomba kuuliza wakubwa zangu. Sisi tunakinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia. Ule unga ukiingia tangini una madhara? Na tukipaka rangi, tupake na ndani ya gata?

Mwl_Kemia_Wete
Ndani msipake, mwanangu. Maji yapite kwenye plastiki tupu. Ndani pia hapapati jua sana, mara nyingi pamefunikwa na ukingo wa bati.

Kuhusu unga: chokaa na titani si sumu kwa viwango hivyo. La kuangaliwa ni umri. PVC nyingi za zamani ziliimarishwa kwa misombo ya risasi ili zisiungue kiwandani. Watengenezaji wa Ulaya waliiacha risasi kufikia mwisho wa 2015 wakahamia kalisi na zinki. Bomba lisilojulikana limetoka wapi wala lini, na linatoa unga, mimi nisingelipitishia maji ya kunywa. Lipeleke kwenye maji ya bustani, la tangi nunua jipya lenye maandishi ya kiwango.

Na kwa hali yoyote maji ya mwanzo yatupwe, kwa sababu ya vumbi, vinyesi vya ndege na huo unga. Kadiria nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita za mraba 80 ni lita 40. Bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 kwa mita moja, hivyo mita 5 za bomba lililozibwa chini, lenye tundu dogo la kujimwagia polepole, linazipokea lita 40 zote kabla maji hayajapanda kuelekea tangini. Mita 5 hazikai wima kwenye nyumba ya kawaida, gawa vipande viwili au tumia pipa dogo lenye boya.

Binti_Konde
Ahsante sana maalim. Na bomba la hewa la shimo la choo, lilikuwa jeupe, sasa kichwa chake ni cheusi na kijivu. Nalo ni jua?

Mwl_Kemia_Wete
Hilo siyo jua. Shimo linatoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza. Bomba likiwa limeimarishwa kwa risasi, gesi hukutana na risasi iliyo juu ya plastiki ikafanya salfidi ya risasi, ambayo ni nyeusi. Ni doa la nje tu, bomba linaendelea na kazi, likikukera lipake rangi. Lakini ni dalili nzuri ya kujua lilivyotengenezwa: bomba la namna hiyo lisigeuzwe kuwa la maji ya kunywa.

Chukwani_Ujenzi
Na yale ya rangi ya chungwa, mafundi wanayafunga sana kama mabomba ya kuteremshia maji ya paa kwa kuwa ni ya inchi 4 na ni rahisi.

Fundi_Kengeja
Ya chungwa ni ya kuzikwa. Kiwango chake cha Ulaya, EN 1401, ni cha maji taka chini ya ardhi. Huko hakuna jua, basi hayakutiwa kinga ya jua ya kutosha. Ukiyaweka ukutani yanapauka kuwa pinki ya maziwa, kisha yanakuwa mepesi kuvunjika, khasa pale chini yanapogongwa na mpira wa watoto na baiskeli. Kama yameshafungwa, yapake akriliki nyeupe mapema, kabla hayajaanza kutoa unga. Rangi hapo ni ngao ya jua, siyo pambo. Kama hujanunua, tafuta yenye EN 607 kwa gata na EN 12200 kwa mabomba ya mvua ya nje.

Na jengine. Gata nyingi zinazong'olewa kwa kisingizio cha kupauka, ugonjwa wake halisi ni mafundi tuliozifunga. PVC hurefuka milimita 0.07 hivi kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Gata ya mita 4, kutoka alfajiri yenye nyuzi 25 mpaka saa nane ikiwa na nyuzi 55, inarefuka zaidi ya milimita 8. Ukiibana ncha zote mbili kwa gundi na ukuta, inatafuta pa kwenda: inajikunja katikati, au inasukuma kiungio kikaachia. Ndani ya kiungio cha mpira kuna alama ya mstari, gata iishie hapo, isisukumwe mpaka mwisho. Isipokuwa na alama, acha milimita 10. Vishikio visizidi sentimita 80 baina yao, na mimi kwa gata iliyokoza upande wa magharibi naweka 60. Mteremko milimita 3 hadi 5 kwa mita. Skrubu ziwe stenlesi, za kawaida zinaota kutu na kuchuruzika juu ya plastiki yako uliyotoka kuipaka.

Ndugu wa Bububu, kabla hujapaka pita kwa kamba iliyonyooshwa uone kama gata imejikunja. Rangi mpya juu ya gata iliyobonyea inaonesha kasoro zaidi.

Bububu_Nyumbani
Imebonyea sehemu moja magharibi, vishikio viko mbali, zaidi ya mita.

Fundi_Kengeja
Ongeza kishikio katikati asubuhi na mapema plastiki ikiwa baridi, usiinyanyue kwa nguvu saa za jua. Ikinyooka, paka. Ikibaki na tumbo, badilisha kipande hicho tu.

Chukwani_Ujenzi
Lini basi mtu aseme hii haifai tena, ng'oa?

Fundi_Kengeja
Nyufa za wavu ninazozisema zikiwa kwenye mdomo wa gata au pale inapokalia kishikio. Au ukibonyeza mdomo wake kwa dole gumba ukasikia mlio wa kukatika badala ya kuona unapinda. Au kata kipande cha sentimita 5 kwenye ncha, ukikunje kwa koleo polepole: kizima kinapinda na kuweka weupe kwenye mkunjo, kilichokufa kinakatika kama biskuti. Ukucha ukisikia ngazi peke yake bila nyufa, bado kuna miaka, paka rangi.

Mipira ya maungio huchoka kabla ya gata. Ukishafungua, weka mipya, na uipake sabuni ya maji ili iteleze. Grisi ya gari inaivimbisha.

Darajani_Vifaa
Kwa atakayenunua mpya, haya mtizame dukani.

Gata zilizopangwa nje mbele ya duka zimeshaanza kupauka kabla hujalipa. Omba za ndani, au chomoa za chini kabisa ya rundo. Linganisha na kiungio kilichokuwa kwenye boksi. Rangi zikitofautiana, rundo limekaa juani muda mrefu.

Tizama ncha iliyokatwa. Nyengine zina rangi mbili: ndani kijivu au rangi nyengine, nje ganda jembamba. Ganda hilo likiwa ni la akriliki au plastiki ya kuhimili jua, ni bidhaa nzuri kuliko ya rangi moja. Likiwa ni rangi tu juu ya plastiki iliyosagwa upya, likichunika unaona tofauti. Hapa usiangalie kwa macho tu, uliza karatasi ya mtengenezaji.

Unene upimwe. Milimita 1.5 ni ya chini, 2 na zaidi inahimili joto letu vizuri zaidi. Gata nyepesi kupita kiasi haifai kwa upande wa magharibi hata iwe na rangi gani. Na nunueni gata, maungio na vishikio vya mtengenezaji mmoja. Tofauti ya milimita moja inatosha kuvujisha, na vinapauka kwa kasi tofauti, mwaka wa pili nyumba ina mabaka.

Shangani_Mwenyeji
Kwa wa Mji Mkongwe: kabla ya kufunga gata au bomba la plastiki upande wa barabarani, ulizeni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mabadiliko ya nje ya nyumba huko yana ruhusa zake. Swali langu ni la chokaa. Ukuta wetu unapakwa chokaa na bomba la kahawia lina weupe. Nitajuaje kuwa ni chokaa ya fundi na siyo huo unga?

RangiMlandege
Chokaa ya fundi ni matone na michirizi, ina ukwaruzo, na ipo upande wa ukutani hata penye kivuli. Unga wa jua ni laini, umeenea sawasawa, na unakoma penye kivuli cha kishikio. Usijaribu kwa ndimu ukategemea povu kukupa jibu, maana na unga wa plastiki una kaboneti, vyote vinaweza kutoa povu. Matone ya chokaa yakwangue kwa kipande cha plastiki, yaliyobaki yapanguse kwa siki, suuza. Mara nyengine funika bomba kwa nailoni kabla fundi hajaanza kupaka ukuta.

Na ukiona michirizi myeupe ukutani chini ya gata za rangi iliyokoza, mara nyingi ni unga wa gata ulioshushwa na mvua. Osha gata kwanza, ukuta baadaye.

Bububu_Nyumbani
Nimeelewa. Gata nitaosha, nitaongeza vishikio, nitapaka krimu. Mabomba manne ya manjano nikiyapaka yatafaa, au yamekufa?

Mwl_Kemia_Wete
Umanjano peke yake si kifo. Yafanyie jaribio la fundi la kukata kipande ncha ya chini. Kikipinda, msasa, spiriti, akriliki nyeupe mikono miwili. Rangi ikikaa juu, miale haifiki tena kwenye plastiki na umanjano unasimama hapo ulipo.

Fundi_Kengeja
Chini ya kila bomba weka kona ya kutolea maji mbali na ukuta, na sentimita 30 za mwisho zipake mkono wa tatu. Hapo ndipo udongo mwekundu unaporuka na ndipo panapooshwa na kusuguliwa mara kwa mara.

Chukwani_Ujenzi
Vipande vibovu vikishatolewa tunavifanyaje? Wengi wanachoma pamoja na takataka.

Mwl_Kemia_Wete
PVC isichomwe kwa hali yoyote. Klorini yote ile inatoka kama hidrojeni kloridi, na moto mdogo wa jaani unazalisha dioksini, ambayo ni sumu kali. Vipande vizima vya mita moja na zaidi vinatumika kama mifereji ya bustani au vitalu vya miche kwenye kivuli, kwa miche isiyoliwa kama bomba ni la zamani. Vilivyokatika-katika vifungwe pamoja vipelekwe jaa rasmi.